Malundo Matatu ya Tata

Karatasi ya mfuko wa sementi ikilowa hutoa harufu ya vumbi na gundi. Nikiinusa penye ujenzi wowote, narudi mtaani kwetu Dilala, katika nyumba yetu kuukuu ya matofali iliyojengwa na kampuni ya migodi, msimu wa mvua nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Paa lilivuja, na vipande vya karatasi hiyo vilitapakaa sakafuni, kila kimoja na neno moja la Kiingereza kwa mwandiko wangu wa kujivuna.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa mchambuaji wa mawe kwenye depo wanakouzia wachimbaji. Alikaa juu ya turubai kutwa nzima akitenga kwa macho: jiwe la kijani la shaba huku, jeusi la kobalti kule, takataka nyuma. Kuyayeyusha ilikuwa kazi ya wengine, viwandani. Hakukosea. Lakini vumbi lilikuwa limemwingia kifuani, akawa anakohoa mpaka Mama anasukuma sahani pembeni. Muuguzi wa zahanati alimwambia waziwazi: toka kwenye vumbi, la sivyo hutafika mbali. Ndipo tukasikia kuwa kiwanda kimoja cha wageni kinatafuta mlinzi wa getini, mtu mzima mwaminifu, ajuaye Kiingereza kidogo. Nyumbani kwetu mwenye Kiingereza kidogo nilikuwa mimi. Maskini Tata!

Mwalimu wetu alikuwa na njia moja tu. Aliandika maneno ubaoni, nasi tukayagawa: jina la kitu, kitendo, sifa. Nilikuwa wa kwanza darasani na kichwa kilikuwa kimenivimba, nikamfundisha Tata vivyo hivyo. Alivyofurahi! Kwani kuchambua si ndiyo kazi yake? Akaleta magunia matatu matupu, akayatandika sakafuni kama kule depo. Gate, gunia la kwanza. Open, la pili. Big, la tatu. Breathe, yaani kupumua, lilimsumbua, akalitamka "brizi", akacheka hadi kikohozi kikamshika.

"Hii inaenda wapi, mama?" aliuliza. Aliniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Kwa bitendo, Tata."

"Njo vile! Mi nilijua!" akasema; kwetu "njo" ni "ndio".

Baada ya wiki tatu, hakuna neno la daftari langu lililomshinda. Mama alianza kuwaambia majirani kwamba mume wake anaacha mawe. Siku ya mtihani kiwandani Tata alivaa shati jeupe, nami nikamsindikiza, nikasimama nje ya dirisha la ofisi. Mgeni aliyemhoji alikuwa mpole. Aliuliza jambo refu, na ndani yake nikasikia gate, nikasikia open. La kwanza jina, la pili kitendo. Kilichoulizwa sikukijua hata kidogo, na hapo ndipo nilipotambua kwamba Kiingereza sikijui.

Tata aliketi wima. "Gate, jina!" akasema kwa sauti ya furaha. "Open, kitendo!"

Mgeni akatabasamu, akangoja. Tata akaongeza mengine, yote sahihi, kisha akaishiwa. Akageuka dirishani kunitazama, nami nikainamisha macho. Mpaka leo sijajisamehe kwa hilo.

Njiani hakunigombeza. Alinipakia mbele yake kwenye pikipiki ya taksi, akanishika bega. "Kuchambua tulichambua muzuri, mama," akasema. "Kuyeyusha tu njo hatukujua." Jumatatu akarudi kwenye turubai, akakaa huko miaka mingine tisa.

Sasa mimi ni mkalimani. Nazungumza Kiingereza tangu asubuhi hadi jioni, nakula kwa Kiingereza, na wageni wananisifu. Tata anaishi kwangu. Kutoka kitandani hadi mlangoni hupumzika mara mbili, na hakuna lugha ninayoijua inayoweza kulitoa vumbi lile. Wiki iliyopita nilimpigia daktari mmoja wa Zambia nikimwomba ampokee. Nilieleza kila kitu, sentensi nzima nzima, bila kukwama. Daktari alinisikiliza, akaniambia kwa huruma kwamba mapafu ya namna hiyo hayarudi tena. Nikamsihi, nikarudia: he can't breathe, he can't breathe.

Nyuma yangu Tata alijiinua kwa kiwiko. Uso ulikuwa umemchangamka.

"Brizi," akasema, akavuta pumzi kwanza. "Kitendo."

"Njo vile, Tata," nikamjibu. "Kitendo."