Ngozi Tisa za Jaat Kuuyaas

Mara ya kwanza nahodha wa meli ya Boston alipofanya biashara na Jaat Kuuyaas, alidhani anafanya na mumewe. Mama huyo alikuwa ufukweni mwa kijiji chao, Kiusta, akianika samaki. Mumewe, Gidkuns, akapanda melini peke yake, akanyweshwa pombe, akatoa ngozi tisa za fisi-maji kwa vitambaa vya buluu.

Jaat Kuuyaas alivishika kwa vidole viwili. Vyepesi, upepo ungevipenya. Na zile ngozi zilikuwa za kupatia mablanketi ya kuwatuza Tai, ukoo wa mumewe, waliochonga nguzo ya kumkumbuka marehemu kaka yake Jaat Kuuyaas. Zilibaki siku sita tu kabla ya karamu ya kuisimamisha. Wageni wakiondoka mikono mitupu, jina la kaka lingekuwa mzaha wa kila kijiji.

Akapiga kafi mpaka melini. Maji yalikuwa yameanza kupwa. Meli ingeondoka nayo.

"Biashara imekwisha," nahodha akasema. "Mumeo amekubali."

"Mume wangu hukubali hata mvua. Hapa ngozi huuza nani? Waulize."

Mitumbwi kumi na miwili ilizunguka meli, na katika kila mmoja mwanamke amekalia furushi lake.

"Jamani, msifungue," akawaambia. "Leo kwangu, kesho kwenu."

"Akienda zake je?" wifi yake akafoka. "Tutakula ngozi?"

Nanga ikaanza kuvutwa. Jaat Kuuyaas hakuitazama. Alitazama vidole vya wifi vikicheza na fundo la kamba. Akifungua mmoja, watafungua wote.

"Wifi, wewe si Tai? Mablanketi ninayoyapigania, nitamfunika nani kama si wewe?"

Vidole vikasita. Halafu vikaliacha fundo. Pale juu nanga nayo ikanyamaza. Nahodha alikuwa ameona mafurushi yote yamefungwa.

"Unataka nini, mama?"

"Mablanketi mazito. Matatu kwa kila ngozi."

"Mawili."

"Mawili, na vitambaa sirudishi. Mume wangu amekwisha kuvitapikia."

Wanawake wakaangua kicheko, nahodha akakubali kwa shingo upande.

Nguzo ilisimamishwa, Tai wakatuzwa, wifi akiwa wa kwanza. Nahodha aliondoka na ngozi za mitumbwi yote, ila kila mwanamke alidai bei ileile. Mwaka uliofuata meli yake ilipita mbali na Kiusta bila kushusha tanga.