Shosho Watiri na Watoto Wasiohesabiwa

Saa mbili asubuhi, na baridi ya Agosti bado imeng'ang'ania ukingo wa msitu juu ya Giakanja, Kaunti ya Nyeri. Watiri Kihara ameinama juu ya mtungi kuukuu wa maziwa uliotoboka. Anachomoa fimbo za mwanzi moja moja, anazipangusa umande kwa pindo la leso yake, na kuziegemeza kwenye ukuta wa kibanda.

Kila fimbo imefungwa uzi wa rangi yake: nyekundu, manjano, zambarau, kijani cha sare ya shule. Nyuzi hizo amezifumua kwenye sweta zilizochakaa za wajukuu wake.

Kwa miaka minane Watiri, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, amekuwa akiongoza familia msituni na kandokando ya mto. Ni matembezi ya saa tatu, mwendo wa mtoto wa miaka mitano. Watoto humwita Shosho, yaani bibi, na wazazi wao nao wameambukizwa.

Leo fimbo zinamponyoka. Anasingizia baridi, lakini baridi ya huku Tetu ameizoea tangu azaliwe. Kinachomsumbua ni gari jeupe linalopanda mteremko taratibu, limejaa watoto. Ni familia ya Abdullahi Garad, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki. Mara ya mwisho walipokuja hapa, mwezi wa Aprili, mtoto wao wa miaka sita, Marwo, alipotea humu msituni akiwa mikononi mwa Watiri.

"Usiku kucha sijalala," anasema kwa sauti ya chini. "Nimeamka nikapika chai, nikaimwaga, nikapika tena."

Milango ya gari inafunguliwa, na watoto wanamwagika. Wapo wa Abdullahi na mkewe Bisharo, wapo na binamu zao. Marwo anashuka wa mwisho, akiwa na buti za mvua za waridi. Anamtazama Watiri, anatazama fimbo, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye ile ya zambarau na kuikumbatia.

"Bado iko!" anasema.

"Ningeipeleka wapi na ni yako?" Watiri anamjibu.

Bisharo anawapanga watoto mbele ya kibanda na kuanza kuwahesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Watiri anageuza uso na kujifanya anatafuta kitu juu ya miti. Bisharo anafika kumi, anashusha mkono.

"Mama Watiri," anasema kwa upole, lakini macho hayachezi. "Hapa nimehesabu mimi. Mtoni utahesabu wewe, kwa mdomo wako. Tulikubaliana kwa simu."

"Tulikubaliana," Watiri anaitika.

Kwa mtu asiyejua, hilo ni ombi dogo mno. Mwongoza watoto gani asiyehesabu watoto? Lakini Watiri amelelewa na bibi yake, Wachuka, na kwa Wachuka kuhesabu watu kulikuwa ni kuwaitia balaa.

"Shosho yangu akikuta mtu ananyooshea watoto kidole, moja, mbili, alikuwa anamkemea kama mwizi," anasimulia huku akitangulia kwenye njia. "Ukimuuliza, uko na wajukuu wangapi? Anakuambia, si uwaone tu wanavyocheza."

Wagikuyu wengi wa rika lake wanaijua habari hiyo. Hata katika masimulizi ya asili, mabinti wa Mumbi, mama wa jamii hiyo, walikuwa kumi, lakini wazee husema walikuwa tisa na kujaa. Kumi yenyewe haitamkwi. Vijana wa leo hucheka wakisikia. Watiri naye hucheka, lakini kuhesabu hahesabu. Watoto wake watano hajawahi kuwahesabu hata siku moja, na anajua jinsi linavyosikika jambo hilo.

Msitu huu aliujua kwanza kwa mgongo. Akiwa msichana alipanda huku kutafuta kuni na kushuka na mzigo uliofungwa kwa kamba inayopita juu ya kichwa. Anainua kitambaa kuonyesha alama: bonde dogo kwenye utosi, ambapo kamba ilikaa miaka mingi. Alichuma kahawa za watu, akafiwa na mume, kisha akajiunga na chama cha wanakijiji wanaopanda miche na kulinda msitu.

Siku moja mwalimu aliyeleta wanafunzi kutazama miche alimwomba awaonyeshe mto. "Nikawaonyesha mto, nikawaonyesha thabai, yale majani yanayowasha, nikawaonyesha kinyesi cha ndovu. Kinyesi ndicho walichopenda!" Mwezi uliofuata wakaja na wazazi.

Siku hizi Jumamosi nzuri humpa shilingi elfu mbili, baada ya chama kuchukua sehemu yake. Si utajiri, lakini zimemtoa kwenye kahawa za watu, na magoti yake yamemshukuru.

Fimbo nazo zilizaliwa kutokana na ile hofu ya kuhesabu. Kila anayeingia hupewa fimbo, na kila anayetoka huirudisha mtungini. "Fimbo si mtu. Fimbo naweza kuhesabu mara mia," anasema. Zikitimia fimbo, watu wametimia. Kwa miaka minane hesabu hiyo haikumwangusha.

Aprili ikamwangusha.

Siku hiyo waliingia msituni watu kumi na saba, familia ya Abdullahi na nyingine kutoka mjini Nyeri. Waliporudi, mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye vilele vya miti. Watiri aliinama mtungini, akakuta fimbo kumi na saba. Akatangaza kwamba zimetimia. Akamimina chai, akaanza kugawa nduma, magimbi aliyochemsha kwa idadi ya fimbo, moja kwa kila mtu.

Ikabaki moja.

Kafia, dada yake Marwo mwenye miaka tisa, ndiye aliyeuliza. "Marwo hapati?"

Bisharo alidhani mtoto ametangulia na baba yake. Abdullahi alidhani yuko nyuma na mama yake. Wakatazamana. Watiri akachomoa fimbo ya zambarau mtungini. "Mbona fimbo yake iko hapa?" aliuliza, kana kwamba fimbo ingejibu.

Hapo Kafia akaangua kilio. Ni yeye aliyeirudisha. Marwo alimpa ambebee, maana alitaka mikono yote miwili ya kuokotea mawe mtoni.

"Nilikimbia hadi mtoni," Watiri anasema. Anasimama njiani, na watoto wanampita. "Na haya magoti! Sijui nani alinipa mengine siku hiyo."

Mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani, na maji yalikuwa yameanza kuwa mekundu kwa udongo. "Nilitazama maji kwanza. Sikutaka kutazama, lakini nilitazama. Nikatafuta buti za waridi ndani ya maji. Mungu anisamehe, hiyo picha bado inanijia nikiosha vyombo."

Walimkuta baada ya dakika arobaini, mbali kidogo na njia. Alikuwa ameukumbatia mti wa muiri, mifuko imejaa mawe, uso umejaa kamasi. Asubuhi hiyo, kabla ya kuingia msituni, Watiri alikuwa amewafundisha watoto wote jambo moja: ukiona hunioni, kumbatia mti mmoja, usiuache mpaka nije. Marwo hakuuacha.

"Mnajua aliniambia nini?" Watiri anajifuta macho kwa leso, huku akicheka. "Ati, 'Shosho, umechelewa.'"

Abdullahi siku ile alimpa mgongo. Alimbeba mtoto, akaondoka. "Angenipigia kelele ningeshukuru," anasema Watiri.

Abdullahi mwenyewe, anayetembea nyuma leo akiwa amembeba mtoto wa ndugu yake, hafichi. "Nilikuwa na hasira mpaka Nanyuki," anasema. "Mimi nauza ng'ombe. Ng'ombe tunahesabu asubuhi, tunahesabu jioni. Nikajiuliza, huyu mama hahesabu watoto? Nikamwambia mteja wangu mmoja mzee wa huku kwenu. Akaniambia hata ng'ombe zake yeye hahesabu! Nikamuuliza, sasa ukiibiwa?" Anatikisa kichwa, na tabasamu linamtoroka. "Akasema anawajua kwa sura."

Watiri alijipeleka mwenyewe kwa Mutahi, mwenyekiti wa chama, na kuweka mezani koti la kijani la waongozaji. Miezi miwili alikaa nyumbani akipalilia viazi. Chama kilipomrudisha kilimpa sharti moja: watu wahesabiwe mlangoni, mtoni na wakati wa kutoka. Alikubali. Lakini kila Jumamosi amekuwa akiwaambia wazazi wahesabu wenyewe.

"Nilikuwa nakwepa," anakiri. "Nikifungua mdomo namwona shosho yangu amesimama pale na mwiko."

Bisharo ndiye aliyepiga simu wiki mbili zilizopita. Alisema Marwo anakumbatia kila mti wa uwanja wa shule na hana wimbo mwingine ila Shosho na mto. Wangekuja, lakini kwa sharti lake. Mwongozaji asipohesabu mtoni, familia ingegeuka na kurudi hapo hapo, na isingeonekana tena. Mutahi naye alikuwa amemwambia Watiri wazi kwamba akishindwa safari hii, koti atapewa mtu mwingine.

Njia inashuka sasa. Watoto wanaonyeshwa jani la maigoya, pana na laini kama blanketi la mtoto mchanga, na Watiri anawaambia kazi yake ya zamani chooni. Wanapiga mayowe, na kila mmoja anataka la kwake. Mbega wawili wanaruka juu, mikia yao myeupe ikipepea, na kwa muda hakuna anayekumbuka kuogopa chochote.

Akishuka hatua kwa hatua, Watiri anaeleza anachotaka kabla magoti hayajamstaafisha. Anataka njia fupi ya tambarare kando ya mto, yenye kishikio cha mbao, ili akina shosho wenzake na watoto wasioweza kutembea wafike majini. Ameshaipima kwa hatua zake. Ameshamwonyesha Mutahi, naye amesema atawaita vijana wa kuchimba mara tu baada ya mavuno ya viazi. "Kuna mama huko Gatitu ana miaka themanini," anasema. "Mto huu anausikia tu kwenye hadithi za wajukuu."

Kisha wanafika.

Mto leo ni mwembamba na wazi, mawe yanaonekana chini. Watoto wanaokota, wanarusha, wanalowa. Baada ya nusu saa Bisharo anapiga makofi. Wanajipanga ukingoni bila kuambiwa mara mbili, fimbo mkononi. Safari hii hakuna anayembebea mwenzake. Bisharo anamtazama Watiri.

Watiri anavua kitambaa kichwani, anakifunga upya. Anainua mkono. Kidole hakinyooki, basi anatumia kiganja chote, na kumgusa kila mtoto kichwani.

"Moja," anasema. "Mbili. Tatu."

Kafia ni wa nne. Ananyanyua bega kidogo anapoguswa, kama anayesubiri kukemewa. Watiri anaacha kiganja juu ya kichwa chake kwa muda mrefu kuliko kwa wengine, kisha anaendelea. Tano. Sita. Saba. Nane.

"Tisa."

Amebaki Marwo, mwisho wa mstari, buti za waridi zimejaa maji, fimbo ya zambarau imesimama wima mbele yake. Watiri anatazama kule walikotoka, juu kwenye miti. Midomo inacheza bila sauti. Abdullahi anafumba macho. Bisharo hamsukumi.

Kiganja kinashuka juu ya kichwa cha mtoto.

"Kumi," anasema Watiri, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Hakuna kinachotokea. Mto unaendelea na safari yake, na mtoto mmoja anapiga chafya. Bisharo anajikuta amemshika Watiri mkono, wote wawili wakitazama pembeni.

Ni Marwo tu asiyeridhika. Amekunja uso, anapitisha macho mstari mzima na kurudi.

"Shosho," anasema, "umejisahau." Ananyoosha fimbo, ananyanyuka kwa ncha za vidole, na kumgusa Watiri begani. "Kumi na moja."

Watiri anamtazama. Machozi yanamtoka, na safari hii hasingizii baridi.

"Haya," anasema, akimshika mkono. "Kumi na moja. Twendeni basi, nduma zinapoa."