Pistachio za Shangazi Juu ya Keki Yangu

Leo nimeitwa muuaji kwa keki niliyoipika mwenyewe.

Bibi harusi akila korosho anavimba. Alinieleza mapema, nikampikia ya lozi.

Nimeifikisha tu ukumbini hapa kisiwani, Kilindoni, shangazi yake akafungua mfuko wa pistachio, kokwa za kijani kutoka Maskati, akaanza kuzinyunyiza juu.

Nikamkataza: "Bibi, hizo ni ukoo mmoja na korosho. Hata mwembe ni ndugu yao. Lozi ndiyo haimo."

"Korosho ina rangi ya kijani? Wewe wa bara utatufundisha vyakula vyetu?"

Akamlisha bibi harusi kwa mkono wake.

Haikupita muda, midomo ikaumuka kama maandazi.

Hospitalini shangazi akanisontea kidole mbele ya nesi: "Huyu ametuwekea korosho. Muuaji."

Miaka saba najenga jina kwa jiko la mkaa, jamani.

Bibi harusi hakuweza kusema. Akaandika kwenye simu, akamgeuzia nesi: "Shangazi ndiye aliyeweka. Dada wa keki alimkataza."



Bibi harusi anaendelea vizuri, alhamdulillah. Mimi radhi sijaombwa. Nyie mngenyamaza?

Mfuko wa pistachio aliouacha ukumbini ninao. Shangazi aufuate, aje na mdomo ule ule alionitukania.