Sato wa Nyuma ya Maua

Wenzangu wa jumuiya, kila mkiniuliza Mwanza kulikuwaje najibu "kuzuri" halafu nahamia habari za mihogo, lakini leo nasema yote, maana Pelagia amekwisha kusikia nusu kwa binti yangu, na nusu ya Pelagia mnajua inavyonenepa njiani. Aibu ni yangu, acheni niibebe mwenyewe.

Winifrida wangu mnajua aliolewa na Masanja, Msukuma mzaliwa wa mjini (ng'ombe anamjua akiwa kwenye sahani tu), na huyo Masanja alinipokea stendi, "Shikamoo mama," akabeba kapu langu la viazi kama amebeba kichanga. Kesho yake akatutembeza. Jamani, lile ziwa! Mimi wa Mbuba niliyedhani Mto Ruvubu ndio maji, nikatazama ng'ambo nikaikosa, nikatazama tena, hamna, maji yameshikana na mbingu. Na mawe, moja juu ya jingine, makubwa kuliko kanisa letu, hakuna udongo wa kuyashika. Nikauliza, "Nani aliyapanga?" Masanja akasema, "Mungu, mama," nami nikashika rozari. Bandarini meli ikafungua tumbo, malori yakaingia (malori, Pelagia, na mizigo yake!), ikafunga, ikalia mlio ulionipita mifupani, ikaondoka inaelea kama jani.

Mchana akatupeleka hoteli ya kando ya maji, meza ina kitambaa cheupe kuliko cha altare. Wakaniletea sato mzima, amelala kwenye vitunguu, ananitazama.

Sasa mnajua kwetu mama mkwe hafunui kinywa kula mbele ya mkwe wake. Marehemu mama yangu Domitila alizikwa mume wangu hajawahi kuona jino lake hata moja. Basi nikakaa nimejifunika kitenge, njaa inanikata.

"Mama, samaki hajakupendeza?" Masanja akauliza.

"Nimeshiba, baba."

"Kila tukikutana umeshiba, mama." Akainuka, simu sikioni, akaenda kusimama pale kwenye ukingo wa maji, uso umemshuka.

Winifrida akaninong'oneza, "Mama, kula! Ameniambia hakanyagi tena Mbuba, wala watoto hawatakwenda. Anasema unamwona mchawi."

"Si umweleze mwiko wetu?"

"Nimemweleza mpaka nimechoka. Anasema ni kisingizio, mbona mama yake anakula na wakwe zake wote."

Wajukuu zangu wale! Ndipo nikapata akili yangu ya kipumbavu: nimle huyu sato nimejificha, Masanja akirudi aikute sahani tupu, roho yake itulie na mwiko wangu ubaki mzima. Nikaficha sahani chini ya kitenge, nikapita nyuma ya maua makubwa ya kwenye vyungu, nikakuta meza ndefu imepambwa, haina mtu. Nikakaa katikati. Nikala, wenzangu! Samaki mtamu mpaka nikafumba macho.

Kufumbua, ukumbi umejaa. Kumbe ni sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, na kijana mwenye kipaza sauti (Deo, alijitaja mwenyewe) ananielekezea mkono: "Na bibi wa binti yetu amewahi kuliko sisi wote! Bibi, simama utubariki!" Vigelegele. Nikasimama, shavu limejaa samaki, na nani anakuja mbio kuona kuna nini? Masanja! Nikavuta kitenge nijifunike uso, kumbe nimeshika kitambaa cha meza, nikakivuta chote kichwani na maua yake na bilauri zake, chubwi, chwaa, sato akaenda miguuni kwa bibi mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia.

"Huyu ni nani kwenye kiti changu?"

"Ni mama yangu," Masanja akasema, anaokota vigae. Kisha akainama kwenye kile kitambaa. "Mama, ulikuwa unakula?"

"Nilikuwa nakula, baba, ili ukute sahani tupu."

Yule bibi, Suzana jina lake, mzaliwa wa Nyarubungo, jirani zetu wa kule nyumbani, akacheka mpaka akashika kiuno. "Anakukimbia wewe mkwe, hujaelewa? Mimi wangu yule pale mwenye tai, hajaniona nikitafuna tangu amuoe binti yangu, na leo nilikwisha kuomba nikalishwe jikoni!"

Masanja akaweka vigae mezani. Akamtazama Suzana, akanitazama mimi (yaani akatazama kitambaa), halafu akarudi mezani kwetu, akageuza kiti chake, akageuza na changu, migongo ikaelekeana, akaagiza sato mwingine.

Tangu siku hiyo nimeapa, nikialikwa chakula nitasema mlangoni nakaa wapi, sitatembea tena na sahani ndani ya kitenge. Lakini huyo sato wa pili nilimla mpaka macho, meli zinapita mbele yangu, maji hayana mwisho, na nyuma yangu mkwe wangu anatafuna akiutazama ukuta, maana upande wa ziwa aliniachia mimi.