Wagumu Tunao Wenyewe

Hili jambo naona aibu kulisema hata leo, na kama kuna aliyeniona siku ile nimekaa juu ya lundo la mizigo chini ya mlima, nimejifunika kanga juu ya masweta mawili, nakunywa chai ya kupewa, huyo namwomba aendelee kunyamaza. Lakini ninyi ni watu wangu. Acha niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wale wanaotia chumvi.

Mimi nafuma masweta ya shule hapa Njombe mjini, kwa mashine, na ile mashine mnaijua, inakwenda kushoto inarudi kulia, kraa, kraa, kutwa nzima, na nje ukungu umeshuka mpaka kizingitini, duka la jirani hulioni, basi akili inaondoka yenyewe. (Mume wangu anasema niliwahi kufuma sweta la mikono mitatu. Anazidisha. Ule wa tatu ulikuwa nusu tu.) Na mwaka ule akili yangu ilikuwa na njia moja, inapita Makete, inapita kwenye yale maua ya Kitulo, inapanda mlima Mtorwi mpaka kileleni, inasimama pale na mawingu chini yake, inaimba sauti ya kwanza. Kwaya yetu ya kina mama ilikuwa imeamua ikaimbe huko juu. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo kutafuta kampuni ya kutupandisha ilikuwa kazi yangu.

Ila ndani ya hiyo safari nilikuwa na langu. Kaka yangu Enea alibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro kwa miaka tisa, mahema yao, viti vyao, mpaka choo chao cha plastiki, na kampuni ya mwisho ikampeleka kwenye baridi na raba zilizotoboka, akarudi nyumbani mguu wa kushoto una vidole vitatu. Siku hizi analima viazi Iwawa na anatembea akiegemea upande. Siku moja tunamenya viazi jikoni kwake akaniambia, "Eze, mlimani nimekwenda mara nyingi kuliko kanisani, lakini kupanda mlima sijawahi." Nikamwambia, maneno gani hayo? Akasema, "Iliyopanda ni mizigo. Mimi nilikuwa chini yake." Akaendelea kumenya. Mimi kisu kilinisimama mkononi, na hapohapo nikamwapia kwamba safari ya kwaya atakwenda kama mgeni, hana hata chupa ya maji mkononi, akasindikizwe kama bwana mkubwa.

Akacheka, akakataa, mwisho akakubali kwa sharti moja. "Tafuta watu wa haki. Usianze na bei. Waulize wanaobeba mizigo wanalala wapi na wanakula nini. Mtu akibabaika hapo, chukua pochi yako uondoke."

Basi nikaenda Makambako, maana kwenye mji wa njia panda kama ule hukosi kitu. Ofisi ya kwanza ilikuwa karibu na stendi, kijana kanukia vizuri, ukutani picha za milima zina theluji nyeupe pee. Nikamuuliza, "Theluji hii ni ya Makete?" Akasema, "Inategemea msimu, mama." Haya. Nikamuuliza wabebaji wanalala wapi. "Aaa, hao wamezoea." Nikachukua pochi yangu.

Ya pili ilikuwa chumba kidogo juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mwenyewe anaitwa Obadia, mwembamba, mpole, kakaa Moshi miaka mingi akiongoza watu mlimani kabla ya kurudi kwao. Huyu alikuwa anauliza kuliko kujibu. Nani ana presha? Nani ana pumu? Viatu mnavyo? Radi ikianza tutageuka, mtakubali au mtanilaumu? Akanionyesha sanduku la dawa, akafungua kila kopo. Wabebaji wake wanalala hema moja na yeye, wanakula chungu kimoja na wageni, hakuna anayebeba zaidi ya kilo ishirini, na mzani anao. Nilitaka kumkumbatia. Nilishuka ngazi zile naelea, nikasema moyoni Ezelina, leo umefanya kazi ya kiume na ya kike. Na kweli kampuni nilichagua vizuri, sikilizeni, kampuni haikuwa na kosa hata chembe.

Kosa lilikuja wiki moja baadaye, kwa simu. Nilikuwa kwenye mashine, kraa, kraa, mwili uko Njombe na roho iko Kitulo inachuma maua, simu ikalia, ni Obadia.

"Dada, habari za kazi? Nakamilisha mipango. Wagumu tuweke wangapi?"

Wagumu? Sasa hapo mtu mwenye akili zake angesema, samahani kaka, wagumu ndiyo nini? Maneno machache tu hayo. Lakini mimi nilishajifanya mjuzi wa milima kule ofisini kwake, nimeuliza maswali mazito, nitaanzaje kuuliza neno? Nikaona tu anataka kujua ni wangapi kati yetu wanaoweza kustahimili. Halafu anamuuliza nani? Mtu wa Njombe! Sisi tunaooga maji ya bomba mwezi wa saba!

"Wagumu tunao wenyewe, kaka," nikamwambia. "Tisa, na wote ni wagumu kwelikweli."

"Wana uzoefu?"

"Wamezaliwa nao."

"Makoti wanayo? Mimi sipandishi mgumu asiye na koti."

"Masweta nawafumia mwenyewe!"

"Basi, mimi nisilete hata mmoja?"

"Usilete, wa nini? Utatudharau."

"Sawa dada. Lakini hukohuko nitawaona kwa macho yangu kabla hatujaanza." Nikasema karibu sana, nikakata simu, nikarudi kwenye maua yangu. Na kwa kuwa kampuni ina watu wa kubeba (nilijua hivyo), nikawaambia kina mama wasijibane. Wala hawakujibana. Tulipakia kinanda cha kwaya, spika, betri ya gari ya kuviwasha, sufuria la ubwabwa la harusi, na Mama Mchungaji akaja na mto wake wa kulalia na kiti chake cha kukunja.

Tulilala Iwawa, Enea akaungana nasi asubuhi, kavaa suti. Ndiyo, suti, ya kijivu, na viatu vya buti vipya, akaingia kwenye Kosta tuliyokodi mikono iko mifukoni, nikageuza uso dirishani maana machozi yalikuwa karibu. Njia yote ukungu ulikuwa unafunguka na kufunga, unafunguka unaona bonde zima la maua ya njano na meupe, unafunga huoni hata pua yako, kina mama wanaimba polepole kama wanabembeleza mtoto, na mimi nilitamani tusifike, twende hivyohivyo mpaka mwisho wa dunia.

Tulifika. Kosta ikatushusha, ikageuza kurudi Iwawa. Obadia alikuwepo na msaidizi wake mmoja na mahema ya kampuni, na kwenye tawi la mti kaning'iniza mzani wa ndoano, ule wa kupimia viazi. Wanakijiji waliokuwa wanakwenda shamba wakasimama kutazama.

"Karibuni. Dada, wagumu wako wapi? Waje tupime."

Nikageuka kwa kwaya, kifua mbele. "Kina mama, jipangeni! Wagumu wanapimwa!"

Wakajipanga, tena kwa sauti, ya kwanza mbele, ya tatu nyuma. Mama Mchungaji akawa wa kwanza. Ni mama mwenye mwili na mwenye utii. Akavua viatu kama kliniki, akautazama mzani kwa juu, akauliza, "Nashika hapa?" na kabla mtu hajajibu akaidaka ndoano kwa mikono miwili, akakunja magoti, akaning'inia.

Tawi likainama taratiiibu. Mama Mchungaji akashuka nalo taratiiibu, uso umetulia, mpaka akakaa chini kwenye umande. Kisha tawi likasema pwa! Mzani ukamwangukia mapajani, na kijiji kizima kikaangua kicheko.

Obadia hakucheka. Alimsaidia mama wa watu kuinuka, akamfuta majani, halafu akaniita pembeni (pembeni gani, kila mtu alisikia). "Dada Ezelina. Kwani mgumu unamjua ni nani?"

"Si mtu… mstahimilivu?"

"Mgumu ni mbeba mizigo. Huko mlimani wabeba mizigo ndio wanaoitwa wagumu."

Jamani. Niliona ule ukungu unakuja nikauomba unifunike na usifunguke tena. Nikatazama lundo letu, kinanda, spika, betri, sufuria. Nikawatazama wagumu wangu tisa, wastani wa umri mnaujua. Mmoja akanong'ona, "Kumbe katibu ametuuza tukabebe?"

Nilipogeuka kumtafuta kaka yangu, alikuwa ameshavua koti la suti. Alikuwa analisokota. Analisokota kuwa kata ya kichwani, kwa haraka, bila kutazama, mikono inajua yenyewe, halafu akainama, betri akaiweka ndani ya sufuria, akalinyanyua lote mpaka kichwani, akasimama ameegemea upande ule. "Twendeni," akasema. "Kina mama wasivunjike moyo. Nitarudia mara mbili tatu."

Nilipiga kelele. Siyo kuongea, kelele. "Shusha! Enea, shusha!"

"Nimezoea, mdogo wangu."

"Shusha nimesema!"

Nilikuwa namvuta shati, nalia mbele ya watu, na Obadia akaja akalishika sufuria upande wa pili, wakalishusha pamoja. Akamwambia, "Kaka, kwenye orodha yangu wewe ni mgeni. Kwangu mgeni habebi." Kisha akatutangazia wote: kuokoteza wabebaji wasio na makoti hataki, kwa hiyo kulala juu hakuna tena, anayeweza atapanda na kushuka leoleo, maji na chakula cha mchana tu, msaidizi atafunga msafara, na mizigo ibaki chini. Ibaki na nani? Hakuna aliyesema jina langu. Hawakuhitaji.

Nikakaa juu ya spika. Niliwaona wakipotea mmojammoja kwenye weupe, wa mwisho Enea na msaidizi nyuma yake, Enea ameshavaa koti lake lililokunjamana, na baada ya hapo zilibaki nyimbo tu, zinasikika, zinakatika, zinasikika tena mbali zaidi. Nilisinzia nikaamka sijui mara ngapi. Saa nyingine nilijiona niko nao juu, saa nyingine natazama miguu yangu imelowa umande. Wanakijiji walipita na magunia yao, "Pole, mgumu!" wanacheka, "Mgumu, hupandi?" na mama mmoja wa Kikinga akaniletea chai na viazi vya kuchemsha, akakaa na mimi bila kuuliza kitu. Mlima wenyewe sikuuona hata mara moja.

Walirudi alasiri, wamelowa, wanacheka. Enea alikaa kwenye kiti cha Mama Mchungaji, akavua buti moja, akausugua ule mguu.

"Juu umeona nini?" nikamuuliza.

"Ukungu mtupu." Akacheka. "Lakini Eze, unajua kilichonisumbua? Sikujua mikono niiweke wapi. Miaka yote ilikuwa imeshika mzigo. Nikaiweka nyuma, nikajiona mwalimu wa zamu. Nikaiweka mfukoni, nikaogopa kuanguka. Mwisho nikaiachia tu, ikawa inaning'inia. Nimepanda hivyo mpaka juu."

Nikamuuliza, "Kule Kilimanjaro na wewe walikuwa wanakuita mgumu?"

"Kila siku. Hata jina langu wengine hawakulijua."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza," akasema, wala hakusema kwa ubaya, alikuwa anafunga kamba za kiatu.

Miaka tisa, ndugu zangu. Sweta nilikuwa namtumia kila Krismasi, salamu nilikuwa natuma, na sikujua kaka yangu anaitwa nani kazini. Kwa hiyo sasa nimeweka nadhiri, mtu akinitajia neno nisilolijua namsimamisha palepale, awe daktari, awe fundi, awe mchungaji yuko madhabahuni, namwambia hilo sijalielewa, nieleze. Wananiona mshamba, na waone. Sokoni Njombe bado wananisalimia, "Kamwene, Mgumu!" na nikiitwa hivyo naitika haraka.