Rangi ya Tano ya Pijo la Baba

Baba alipofariki aliacha ng'ombe kumi na mmoja, ambao tuliwahesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza walitokea kumi, na Pijo pikapu moja lililosimama juu ya matofali nyuma ya nyumba yetu ya Somanda. Ng'ombe hawakuleta mjadala. Pijo lilileta. Kaka zangu walitaka liende kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na mmoja wa wanunuzi hao alishafika na mzani wake, akilizunguka kama mtu anayetazama mbuzi mgonjwa ili ampunguze bei.

Mama alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Msiliuze," akasema. "Litengenezeni. Nitakwenda nalo Nassa kwa ndugu zangu."

Tukatazamana. Hatukuwahi kumwona mama akipanda gari lile. Tangu nipate akili alikuwa akienda kwao Nassa kwa basi, kwa kubebwa kwenye baiskeli, na mara moja juu ya lori la pamba, wakati baba anapita njia hiyohiyo na Pijo lake. Sisi watoto tuliambiwa linamtapisha. Lori la pamba lenye moshi halikumtapisha, ila Pijo. Mimi ni muuza spea za baiskeli na pikipiki, mtu akiniambia jambo namuuliza mara mbili, lakini hilo sikuwahi kuliuliza hata mara moja.

Nikasema kazi hiyo ni yangu. Mama ana zaidi ya miaka sabini, na magoti yake hayakumbuki tena ngazi za basi. Nilitaka apande gari la mumewe japo safari moja, basi. Hayo mengine ya kusema gari ni kumbukumbu waliyasema kaka zangu baadaye, lilipoanza kupendeza.

Injini ilichukua miezi minne na mafundi watatu, wawili kati yao wakiwa waongo. Lilipowaka, nikageukia bodi. Hapo nikamwendea jirani yetu, fundi rangi aliyetoka Tabora zamani, mtu wa swala tano na maneno mengi.

"Kompresa haikodishwi nusu siku, bosi," aliniambia. "Ikishaamka imeamka."

"Na umeme ukikatika?"

"Ukikatika unanilipa kwa kukaa na wewe. Hiyo nayo ni kazi."

Tulianza kwa msasa. Juu kulikuwa na kijani kilichopauka. Chini ya kijani kijivu, chini yake bluu, halafu nyeupe. Nikahesabu nne. Nikaenda kuhesabu tena kwenye bawaba za mlango, mahali ambapo mpakaji mvivu hafiki, nikakuta tano. Ya mwisho kabisa, iliyolala juu ya bati lenyewe, ilikuwa damu ya mzee, ile nyekundu iliyoiva hadi kukaribia weusi. Nililowesha kidole kwa mate nikaipangusa, ikang'aa.

Nyeupe ndiyo iliyotuchekesha. Rangi nyingine zilipigwa kwa bunduki ya kupulizia, ila hiyo ilipakwa kwa brashi. Nywele za brashi zilikuwa zimegandia humo. Ilipita juu ya mipira ya vioo, ikapita juu ya taa, ikatiririka milangoni na kukauka ikiwa njiani. Hakuna praima ya kushikilia rangi, hata vumbi halikufutwa.

"Huyu," fundi akasema, "alikuwa anapaka choo, gari likapita."

"Au alikuwa anakimbizwa."

"Na mkewe, bosi. Na mkewe."

Tulicheka mpaka fundi akakaa chini. Mama alikuwa mbele ya nyumba anachambua mchele. Sijui kama alitusikia.

Uamuzi wa rangi niliufanya peke yangu, na nilijiona mwerevu. Kitu cha zamani hurudishwa kwenye rangi yake ya kwanza, kila mtu anajua. Nilibeba kipande cha bati hadi dukani, nikamfanya muuzaji achanganye mara tatu mpaka ikafanana, huku akilalamika kwamba hata mahari haipatanwi hivyo. Tukajaza puti penye mashimo, tukasugua kwa msasa wa maji, tukapiga praima. Asubuhi ya kupaka tulimwagia uwanja maji ili vumbi la kiangazi litulie, tukafunga vioo kwa magazeti, tukawafungia mbuzi. Kufikia saa sita boneti na madigadi zote mbili zilikuwa zimekolea, zinang'aa kama zimetoka kuoga.

Nikaenda kumwita mama. Nilimshika mkono nikampitisha kona ya nyumba.

Alisimama. Alitazama boneti, kisha akatazama nyuma ya pikapu, pale panapobebwa mizigo, ambapo bado palikuwa na praima ya kijivu.

"Rangi hii umeitoa wapi?"

"Ndiyo yake, mayu. Ilikuwa chini ya zote."

Akatoa mkono wake mkononi mwangu. "Sitakwenda Nassa," akasema, akarudi ndani.

Fundi alizima kompresa. Alisafisha bunduki yake kwa tina, akakunja waya, akaondoka bila hata kuuliza kesho saa ngapi.

Jioni nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda. Nilimsalimu, "Mwadila mayu," akaitikia. Nikakaa chini. Nikamwambia nitalipaka nyeupe, au kijani, anitajie tu rangi.

"Unajua kabla yenu alikuwepo mwingine," akasema.

Nilijua kwa namna tunavyojua mambo ya nyumbani, bila kuambiwa. Mtoto wa kwanza, wa kike. Jina lake halikutajwa kwetu, na mama hakulitaja jioni ile pia.

Wakati huo waliishi kijijini, kwenye njia ya kwenda Nassa. Pijo lilikuwa jipya kwa baba, jekundu, na watu walikuja kulitazama. Mtoto alishikwa na degedege alasiri ya masika. Baba akawasha gari kwenda hospitali. Babu, baba yake baba, alikuwa tayari ameingia mbele, kwa sababu mgonjwa wa ukoo hapelekwi bila mkubwa wa ukoo. Mama alikuwa mkamwana, bado mgeni katika kaya ile. Na mkamwana hakai kiti kimoja na baba mkwe, bega kwa bega. Sio sheria ambayo ukiivunja unatukanwa. Ni jambo ambalo halifanyiki tu, kama ambavyo huendi dukani uchi.

"Nikapanda nyuma," mama alisema. "Na mtoto. Nikamfunika kwa kitenge. Mvua ikanyesha toka darajani mpaka mjini."

"Na babu?"

"Aligeuka kunitazama kupitia kioo. Mara mbili. Baba yako aligeuka pia. Mimi nilikuwa nasubiri mmoja wao aseme. Nao labda walikuwa wananisubiri mimi niombe."

Mtoto aliishi mpaka alfajiri. Walipokwisha kuzika, kabla hata watu hawajatawanyika, baba alichukua kopo la rangi nyeupe ya madirisha na brashi, akalipaka gari peke yake, akikataa kusaidiwa. Alipaka siku mbili.

Sikumwambia mama kwamba tulikuwa tumeicheka ile nyeupe. Hilo nimelibeba mwenyewe.

"Kwa hiyo nipake nyeupe," nikasema.

"Baba yako naye alidhani shida ni rangi." Alisema bila hasira. "Alibadilisha mara nne. Kila mara ananiita niione. Laiti siku moja angeniuliza tu, mama fulani, ulisikia baridi?"

Siku tano gari lilikaa vile, nusu jekundu nusu kijivu, na majirani wakaanza kuuliza kama nimeishiwa. Siku ya sita mama alikuja nyuma ya nyumba na kigoda chake, akakiweka kivulini.

"Umebakiza nini?"

"Milango miwili na nyuma."

"Mwite mwenzako mmalize."

Fundi alipopaka nyuma, mama alikuwa akitazama muda wote, na fundi alipaka kimya kama mtu aliye msikitini.

Siku ya safari nilifungua mlango wa mbele. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu usiku, mazuri, yenye babu na baba ndani yake. Nikasema tu, "Mayu, ni huku." Aliangalia kule nyuma kwa muda, halafu akashika kanga yake akapanda mbele, na mlango ukahitaji kubamizwa mara mbili ndipo ukafunga.

Tulipokaribia daraja lile akasema nipunguze mwendo, nikapunguza. Tulipovuka alishusha kioo, akatoa mkono nje, akaulaza juu ya mlango, kwenye rangi. Jua lilikuwa kali na bati linachoma. Nilimwona, nikaendelea kuendesha taratibu, naye hakuuondoa.