Ubao wa Mkanda wa Kijani

Nazitamani bado Jumamosi za miaka ya tisini, ukumbi wa mtaa pale Mbotela ukinuka jasho la watoto wa karate. Binti yangu alitaka mkanda wa kijani. Ilimbidi avunje ubao kwa ngumi inayoanzia shibiri moja tu kutoka ubaoni, na mwalimu wao alitaka mzazi ndiye aushike.

Baba yake akaushika. Dereva wa lori, mwanamume mzima, lakini ngumi ilipokuja akarudisha mikono kwa kumhurumia mtoto. Ubao ukabaki mzima, vidole vya mtoto vikachubuka.

"Baba, ukilegeza ndiyo unaniumiza!"

Mwalimu akasema imebaki nafasi moja.

"Toka hapo," nikamwambia mume wangu, "shika mkoba." Nikakaza viwiko, nikasimama kama ninayetwikwa gunia. Mtoto hakuvuta mkono nyuma hata kidogo. Kisigino kilisukuma sakafu, kiuno kikageuka, ngumi ikaja mwisho. Ubao ukapasuka katikati, mshindo nikausikia mpaka mabegani.

"Mama watoto," mume wangu akasema, "sasa nimwogope nani kati yenu?"

"Ogopa wote. Twende mtoto ale."